Nyumba ya Matogoro Iliyowekewa Msiba

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya minada nilikuwa na beseni la maandazi kichwani. Nalisema hili mapema msije mkadhani kuna chuo nilipelekwa. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, baba alitaka mtu wa kufukuza nyani kwenye mahindi. Maandazi nilikuwa nauzia Majengo, mbele ya ofisi ya udalali, na sauti yangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba waliokuwa ndani waliagiza bila kutoka. Asubuhi hiyo akatoka Dalali Mkuu mwenyewe, koti la suti juu ya sweta, maana ilikuwa Julai, na Julai ya Songea mnaijua.

"Mama," akasema, "sauti yote hiyo unauzia maandazi tu?"

"Ulitaka niuzie nini, mzee?"

"Nyumba."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mpiga kengele wake alikuwa amegoma kuja kazini, kwa sababu nyumba ya kuuzwa siku hiyo ilikuwa ya baba mkwe wake. Nani atapigia kengele nyumba ya mkwe? Basi nikapewa mimi ile kengele ya shaba, nzito kama mchi, nikapakiwa nyuma ya pikapu yenye spika, tukazunguka mitaa natangaza. Maandazi wakayala ofisini. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, sikuandika barua ya maombi wala sikuulizwa uzoefu.

Sasa nyie vijana mnaonipigia simu. "Bibi, eti nyumba za mnada zinapatikana kwa bei ya bure?" Mnanichosha. Mmeona tangazo kwenye grupu la watsapu, picha moja ya ukuta na mti, mnataka kununua hata hamjafika kuona choo kiko wapi. Hebu kaeni niwaeleze jinsi mambo yanavyokwenda, nieleze mara moja tu.

Mtu anakwenda benki kukopa, anaweka nyumba kuwa dhamana, maana yake anasema nisipolipa chukueni hii. Asipolipa anapewa notisi, ile barua ya kumwambia muda wako unahesabika. Notisi ikiisha bila jibu, benki inamwita dalali. Dalali anabandika tangazo ukutani, analitoa gazetini, anatembeza gari la spika. Siku ikifika kengele inapigwa, watu wanapandishiana bei, na atakayebaki juu nyundo inamwangukia. Huyo analipa robo palepale, na salio ndani ya muda aliopewa. Akichelewa, robo imekwenda na nyumba inarudi mnadani. Nimemwona mwanaume na tai yake akiibembeleza robo yake mlangoni kwa dalali, na dalali anakunywa chai. Halafu anakuja mwingine anasema bei ya bure!

Dalali Mkuu alikuwa mtu mkali, lakini alinifundisha. Wiki moja kabla ya mnada alinituma kwenye nyumba yenyewe, nikasalimie. Si kupeleleza, kusalimia. Unapiga hodi, unapewa kigoda, unasema ukweli kwamba umetoka kwa dalali. Wengine wanakutukana, wengine wanakupa maji. Lakini ukitoka pale umeshajua nani analala humo, nani mgonjwa, kama mke alikubali nyumba iwekwe dhamana au naye anashangaa kama wewe, kama kuna kaburi uani. Mke asipokuwa ameridhia, kesi itakuja, mahakama itatoa zuio, yaani amri ya kusimamisha kila kitu, na robo yako itakaa huko mpaka uote mvi. Siku hizi hamsalimii. Mnatuma dogo na simu apige picha akiwa barabarani.

Tulifanya kazi mkoa mzima. Namtumbo tuliuza nyumba na banda la kukaushia tumbaku. Mbinga tuliuza nyumba za watu wa kahawa, kule kwenye miteremko, mnunuzi anasimama juu na aliyenadiwa nyumba anasimama chini wanatukanana kwa mwangwi. Tunduru tuliuza nyumba ya mchuuzi mmoja wa mawe ya vito, na aliyeinunua akabomoa sakafu yote akitafuta mawe yaliyofichwa. Alipata mifupa ya kuku. Akarudi ofisini kudai hela yake. Dalali Mkuu akamuuliza, "Kwenye tangazo tuliandika mawe?" Akasema hapana. "Tuliandika kuku?" Akasema hapana. "Basi kuku ni zawadi."

Kulikuwa pia na Meneja wa Mikopo mmoja, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, viatu vyake vilikuwa na ncha kali kama jembe. Kila kitu haraka. "Mama, kwa nini mnada wa nyumba moja unachukua wiki? Nyundo si inapigwa mara moja?" Nikamwambia nyundo ndiyo, watu sio. Akaniangalia kama nimemsemesha Kingoni.

Lakini neno nililolishika kuliko yote ni la Dalali Mkuu. Alilisema siku tunatoka kwenye mnada pale Lizaboni, mnunuzi amefurahi, anapiga picha na mlango. "Mwangalie huyu," akaniambia. "Sisi tumemuuzia kuta. Majirani hatujamuuzia, na yeye hajui." Kweli, hakupita mwaka akahama. Hakuna aliyempiga wala kumroga. Hakuna aliyekwenda kwake kuomba chumvi, basi. Mtu unaweza kuvumilia matusi, lakini kukaa na chumvi yako miezi yote hiyo pasipo mtu wa kuiomba, hapana.

Baadaye niliacha kengele nikaanza kununua mwenyewe. Ilibidi niache, kwa sababu mtumishi wa dalali haruhusiwi kupandisha bei kwenye mnada wa bosi wake, na ni haki. Nilinunua, nikatengeneza paa, nikapaka chokaa, nikauza. Wakasema mimi hawara wa meneja. Wakasema mimi mchawi. Wengine walisema vyote viwili, nikajiuliza huyo hawara mchawi analala saa ngapi. Hakuna nyumba hata moja niliyokaa. Nilipanga chumba na sebule Majengo miaka yote hiyo, nikiuza kuta kwa wengine, kwa sababu neno la majirani lilikuwa halinitoki kichwani.

Ila mwili ukachoka. Nikataka nyumba ya kukaa, na nisiwafiche, ya kufia. Ndipo ikaja ya Matogoro.

Nyumba ilikuwa ya bwana mmoja tunamwita Nyoni. Matofali ya kuchoma, miparachichi nyuma, na mlima na msitu wake unauona ukiwa kitandani. Nyoni alikopa kununua lori la kubebea mahindi, lori likafia njiani kabla hata halijazoea jina lake. Nilikwenda kusalimia kama nilivyofundishwa. Mke wake alikuwa ameridhia mkopo, alisema mwenyewe, kwa uchungu. Kaburi hakuna. Nikasema moyoni, hii hainipiti.

Asubuhi ya mnada tukafika: mimi, Dalali Mkuu ambaye naye alikuwa karibu kustaafu, na mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliyekuwa anaitaka pia. Tukakuta turubai limefungwa. Mabenchi. Wanawake wamejitanda khanga, wamekaa kwenye mikeka. Sufuria kubwa tatu jikoni uani. Nyoni akatoka, amejifunga kitambaa cheusi mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Wazee, mmetukuta na msiba. Dada yangu wa Tunduru ametutoka. Maziko ni huko huko, lakini msiba tumeuweka hapa."

Mnajua wenyewe. Kwenye msiba hata mwenye kukudai kodi anavua kofia. Dalali Mkuu akamwashiria dereva azime spika. Akavua kofia, akatoa rambirambi, akaandikwa. Mnada ukaahirishwa hadi kesho yake. Mfanyabiashara wa mahindi akatoa rambirambi naye, akaondoka ananung'unika kwamba ni mara ya kwanza amelipia nyumba asiyoipata.

Mimi nilikwenda nyumbani nikachukua khanga, mkeka na unga, nikarudi. Nikakaa na wanawake. Pembeni yangu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, anaitwa Mama Happy, tukapewa maharage tuchambue.

"Dada," akaninong'oneza, "wewe unamfahamu marehemu?"

"Namfahamu kama wewe unavyomfahamu."

Akaniangalia, nikamwangalia. Tukarudi kwenye maharage.

Maana mambo hayakuwa yanakaa sawa. Huyu anasema marehemu kafa kwa presha. Yule anasema malaria. Aliye jikoni anasema kaanguka kwenye bodaboda. Jioni wanajumuiya wakaja kusali rozari, na mke wa Nyoni kila akilia, jicho moja liko barabarani kuangalia kama pikapu ya dalali imeondoka. Iliondoka usiku, asubuhi ikarudi. Dalali Mkuu alikuja kesho yake, na kesho kutwa, akakaa kwenye benchi la mbele, kofia magotini, akala ugali wake, akanawa, akatulia. Kila asubuhi mfanyabiashara wa mahindi alipita kuuliza, "Bado wanalia?" Anajibiwa bado. Anaondoka.

Sasa nyie mnadhani msiba wa uongo hauna gharama? Msiba hauna mwaliko. Matogoro yote ilikuja, na watu wa Msamala, na kwaya. Wanakula! Magunia ya Nyoni yalikuwa yanashuka namwona anashuka nayo. Mwishowe hakuweza tena, akaamua matanga yavunjwe, yaani watu waagwe rasmi waende makwao. Akamsimamisha msemaji wa familia, Mzee Mapunda.

Mzee Mapunda ni binamu yake, na siri ya msiba aliijua vizuri tu. Lakini ndiye msemaji wa misiba yote ya upande ule. Ukimpa watu waliokaa kimya mbele yake, haachi kitu. Akasoma historia ya marehemu: alizaliwa hapa hapa, jina la ubatizo Skolastika, akaolewa Tunduru. Akashukuru kwa kuni, kwa maji, kwa unga. Akashukuru jumuiya. Na mdomo ukaendelea wenyewe, kwa mazoea:

"Na kama yupo anayemdai marehemu, au anayeidai familia hii, huu ndio wakati wa kusimama mbele ya ndugu, asije akasema baadaye hakuulizwa."

Nikamwona Nyoni anafumba macho.

Dalali Mkuu akavaa kofia, akainuka taratibu, goti lake lilikuwa linamsumbua. "Nipo, mzee. Naidai familia. Nilikuwa nasubiri kuulizwa."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, akafinywa. Mzee Mapunda akashtuka. "Wewe nani kakwambia usimame hapa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Umesema anayeidai familia asimame."

"Hiyo... hiyo huwa inasemwa tu!"

"Na huwa inajibiwa."

Watu wakaanza kubishana. Wengine wanasema ni dharau, wengine wanasema kaulizwa kajibu, kosa lake nini? Nyoni akakata mzozo. Alisimama, akafungua kile kitambaa cheusi, akakikunja vizuri akakitia mfukoni. "Mwacheni apige kengele yake," akasema. "Unga wenyewe umeisha."

Basi mnada ukafanyika pale pale chini ya turubai, matanga yakiwa yameshavunjwa, na mtaa mzima umekaa kwenye mabenchi ya msiba. Kengele alipiga Dalali Mkuu mwenyewe. Mfanyabiashara wa mahindi, aliyekuwa amepita kuuliza kama bado wanalia, akapandisha bei, nikapandisha. Akapandisha, nikapandisha. Mwisho akanitazama akasema, "Mama, chukua, hii nyumba ina mikosi." Nyundo ikaniangukia. Nikalipa robo, na salio nikalipa kabla muda haujaisha, kwa sababu mimi si wa kubembeleza mlangoni kwa mtu. Familia ya Nyoni niliwaacha wakae mpaka wavune mahindi ya nyuma ya nyumba. Walipovuna wakahamia Namtumbo kwa wakwe.

Nikaingia kwangu. Na yale ya Lizaboni yakaanza kama yalivyo.

Mama Happy, tuliyechambua naye maharage, akawa anapita mlangoni kwangu anaangalia mlima, utadhani kaajiriwa na idara ya misitu. Nikapika, nikaita watu, hawakuja. Nikanunua ulanzi, pombe ya mianzi, dumu zima, ukachachuka mwenyewe ukawa siki. Jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba kwa zamu, kila wiki kwa mtu. Ilipofika kwangu ikaruka. Zamu ya pili ikaruka tena. Nikamfuata kiongozi nikamuuliza, akasema, "Mama, watu bado wana uchungu." Uchungu gani? Walikula maharage ya msiba wa uongo wakashiba, halafu mimi niliyenunua kwa kengele, mchana, mbele yao wote, ndiye mwizi? Nilikuwa nakaa kibarazani peke yangu nasema kwa sauti. Hata mbwa wa jirani alikuwa anapitia upande wa pili wa barabara.

Nilianza kufikiria kuuza. Nasema kweli. Nilishampigia simu hata mtu wa kunitafutia mteja.

Alasiri moja nikasikia hodi. Mama mmoja mtu mzima kunizidi, kajitanda mtandio, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi, mkononi mfuko wa korosho.

"Nyoni yuko wapi?"

"Amehamia Namtumbo. Karibu."

"Na wewe nani?"

"Mwenye nyumba. Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyekufa."

Sikujua marehemu anaamkiwaje. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Nipe maji, nimetoka Tunduru, na huko nimeambiwa sokoni, na mtu wa Songea, kwamba mimi ni marehemu. Alikimbia akaacha samaki zake. Sasa niambie. Nilikufa kwa nini?"

"Inategemea ulimuuliza nani. Kuna presha, kuna malaria, kuna bodaboda."

"Bodaboda! Na magoti haya? Mlinisalia?"

"Rozari, kila jioni."

"Astaghafirullah! Mimi naitwa Salma tangu nilipoolewa. Mwislamu mie! Ndiyo maana kaka yangu aliacha kunisemesha miaka yote, na ndiyo maana akaona aniue mimi, maana alijua sitapiga simu." Akanywa maji yote. Halafu akauliza, sauti imeshuka, "Nani alinililia?"

Nikafikiri. "Mimi macho yalitoka machozi."

"Unanijua?"

"Hapana. Moshi wa kuni."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kibaraza. Wakati huo huo Mama Happy akachungulia juu ya michongoma kuona nani anacheka kwangu. Wanafanana mno, Bi Salma na kaka yake. Mama Happy akapiga yowe, na yowe la Mama Happy halihitaji spika. Kabla jua halijaenda nyuma ya nyumba, ua wangu ulikuwa umejaa. Uleule ua ulioota majani kwa kukosa wa kuukanyaga.

Bi Salma nikamtolea kiti, akawapokea mmoja mmoja. "Wewe ulikula maharage yangu?" "Nilikula, shangazi." "Yalikuwa na chumvi?" "Kidogo." "Kaa chini." Mzee Mapunda akaletwa, kofia mkononi. Bi Salma akamwambia, "Soma historia yangu tena, nisikie." Akasoma, na yeye anasahihisha: sikuzaliwa mwaka wa njaa, nilizaliwa baada yake. Watoto wangu umewapunguza. Mume wangu hakuwa muuza mawe, alikuwa fundi cherehani. Mzee Mapunda alipofika kwenye ile sehemu ya wanaoidai familia, akaziba mdomo kwa mkono.

"Usizibe, sema!" Bi Salma akasema. "Mimi naidai. Mmekula msiba wangu wenyewe sipo. Nataka haki yangu. Kila nyumba ilete unga, na tupike hapa hapa nilipofia."

Waliuleta. Nyumba kwa nyumba, mpaka kiongozi wa jumuiya. Mama Happy akaja jikoni kwangu, akafungua kabati bila kuuliza, akageuka na kuniuliza, "Dada, chumvi unaweka wapi?" Nikamwonyesha. Nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Bi Salma alisema atalala siku mbili. Mjane, wanawe wako mbali, akaona mlima, akaona miparachichi. Yuko chumba cha uani hadi leo, na mimi sina usingizi. Anasema ugali wangu hauivi. Anawaambia wageni kwamba hii nyumba ni ya kaka yake na mimi ni mdogo wake aliyeachiwa aitunze. Mimi nililipa robo na salio! Nikibisha ananiambia, "Nyamaza wewe, hukuzaliwa hapa." Zamu ya jumuiya ikija kwangu, sisi tunasali sebuleni na yeye kule chumbani anamaliza yake, kisha anatoka kusimamia chai na kuwakaripia wanaomwaga.

Kwa hiyo, vijana, mkinipigia kuuliza kama nyumba za mnada zinalipa, hayo ndiyo majibu yangu, someni. Kasalimieni kwanza. Ulizeni kama mke aliridhia. Wekeni tayari salio kabla ya robo. Na kuhusu majirani sina la kuwafundisha. Nilifanya kazi hii umri wangu wote, na wa kwangu waliletwa na marehemu kwa basi la Tunduru.

Juzi kijana mmoja alipiga, anaitaka hii ya Matogoro, ana hela mkononi. Nikampa simu Bi Salma. Sijui walizungumza nini, hajapiga tena.

Ile kengele ya shaba Dalali Mkuu aliniachia alipostaafu, iko chini ya kitanda changu. Nimesema siku nikifa ipigwe, mtaa usikie. Bi Salma anasema ataipiga yeye. Nikamwambia wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliyetangulia kufa. Akasema ndiyo maana aachiwe yeye, hii kazi ana uzoefu nayo.